Sahani ya Mgeni: Chakula, Maneno na Historia ya Utalii Visiwani Zanzibar

Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu alikuta desturi iliyomshangaza kiasi cha kuiandika kwa kirefu. Chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilitoka pwani zikiwa na vijana, na kila kijana alishika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alipanda chomboni, akamkabidhi sahani mfanyabiashara mmoja, na kutamka kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo hakufikia nyumba nyingine ila ya mwenyeji aliyemletea sahani; mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichohitaji. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni na si mfanyabiashara, alipelekwa kwa kadhi, lakini naye alilishwa. Ameandika habari za wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe.

Sahani ile haikuwa sadaka, wala haikuwa biashara tupu. Ilikuwa mkataba. Aliyekula alifungika kwa mwenyeji, na mwenyeji alifungika kwake, kwa muda wote ambao pepo za msimu zilimweka mgeni pwani. Methali mbili za Kiswahili zinazoonekana kupingana hueleweka vizuri zikisomwa kwa mwanga huo. Ya kwanza humwita mgeni aje ili mwenyeji apone. Ya pili humpa siku mbili za kupumzika na siku ya tatu humpa jembe. Zote mbili zinachukulia kuwa mgeni ataonekana, atajulikana kwa jina, na atakaa muda wa kutosha kushika jembe hilo.

Aghalabu utalii wa Zanzibar huelezwa kana kwamba ulianza katika miaka ya 1980, na kwamba kabla ya hapo visiwa hivi vilikuwa na "utamaduni" uliokuwa umetulia ukisubiri kutazamwa. Historia ya maneno ya jikoni haikubaliani na maelezo hayo. Jiko la Unguja na Pemba lilijengwa na wageni na wenyeji kwa pamoja kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kilicho kipya si ujio wa wageni. Kilicho kipya ni aina ya mgeni asiyeacha neno jikoni, ila hulibadilisha jina la kilichomo chunguni.

Msimu na jiko

Neno "msimu" lenyewe lililetwa na bahari. Asili yake ni neno la Kiarabu mawsim, ambalo pia limezaa majina ya pepo hizi katika lugha kadhaa za Ulaya. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka, kusi ilivirudisha. Kati ya pepo mbili hizo mabaharia na wafanyabiashara walikaa nchi kavu kwa miezi. Walikula, waliumwa, walioa, walidaiwa. Muda huo wa kusubiri, ambao mwanauchumi angeuita hasara, ndio uliopika chakula cha pwani.

Ushahidi wa akiolojia ni mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mabaki ya mbegu kutoka Unguja Ukuu yanaonyesha kuwa mazao ya Asia, mpunga ukiwa mmojawapo, yalikuwa yamefika huko katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kisiwani Pemba, wakazi wa Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele. Katika mji jirani wa Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ulikuwa umeshika nafasi ya uwele. Huenda mpunga ulikuwa chakula cha heshima, cha karamu na cha wageni, kabla ya kuwa chakula cha kila siku. Lugha ilikipokea chakula hicho kwa makini: kikiwa shambani ni mpunga, kikishakobolewa ni mchele, kikishapikwa ni wali. Taifa lisilojali chakula halihitaji maneno matatu.

Orodha ya nomino za jikoni husomeka kama daftari la bandari. Samaki, asali, kahawa na halua ni za Kiarabu. Pilau na biriani zimepitia Uajemi na Bara Hindi, na mkate wa ajemi umebeba asili yake katika jina. Mdalasini hutokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China, yaliyopitia Kiarabu. Chapati, bajia, kachori, kachumbari na achari zimetoka Bara Hindi. Wareno, ambao hawakupendwa, waliacha hata hivyo meza ya kulia na tunda la pera. Muhogo nao ni mgeni wa kutoka Amerika, ingawa leo hakuna anayeukumbuka kuwa mgeni.

Lakini ukiziacha nomino na kuvitazama vitenzi, picha inageuka. Kupika, kukaanga, kuoka, kuchoma, kusonga, kutwanga, kukuna, kuteleka, kuepua: vyote ni vya Kibantu. Vivyo hivyo majina ya vyombo vya msingi, yaani chungu, kinu na mwiko, na jiko lenyewe. Bahari ilileta vitu, na pamoja na vitu ikaleta majina yake. Namna ya kuvitenda ilibaki mikononi mwa waliokuwa wameshika mwiko. Jambo hili ni muhimu kwa yeyote anayezungumzia "mchanganyiko wa tamaduni" wa Zanzibar kwa wepesi. Mchanganyiko haukutokea wenyewe kama maji ya mito miwili. Ulikuwa kazi, na kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa pwani, na baadaye, kwa idadi kubwa, na watumwa waliotoka bara.

Karafuu na kisichosemwa

Jina la "visiwa vya viungo", ambalo leo huuza safari nyingi za Zanzibar, lina umri mdogo kuliko jiko. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Sayyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja, aliihimiza hata ikawa zao kuu. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa wenyewe haikuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo.

Karafuu ilibadili chakula pia. Pemba, iliyokuwa ikijulikana kwa nafaka yake na kuilisha Mombasa, iligeukia zao lisiloliwa. Visiwa vilianza kuagiza mchele kwa wingi, na hali hiyo haijageuka hadi leo. Mtumwa wa shamba alipewa kipande cha ardhi apande muhogo wake, ili tajiri asihangaike kumlisha. Kwa hiyo muhogo wa nazi unaopakuliwa leo kwenye sahani ya mgeni kama kumbukumbu ya maisha rahisi ya kijijini una historia nyingine iliyo chini yake.

Katika matembezi ya mashamba ya viungo, mgeni huoneshwa jani, hulivunja, hulinusa, hukisia. Ni elimu ya pua, na si mbaya. Vijana wanaoongoza matembezi hayo mara nyingi wanaijua mimea kuliko vitabu. Kinachokosekana ni mkono uliochuma. Mtu anaweza kunusa karafuu, mdalasini, iliki na kungumanga kwa saa mbili na kuondoka bila kusikia neno "mtumwa", au kulisikia tu kesho yake, katika jengo jingine, kwa tiketi nyingine.

Forodhani

Bei ya karafuu iliporomoka katika miaka ya 1980, hasa baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, kuanza kujitosheleza. Serikali ya Mapinduzi ikatafuta zao jingine. Sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986 ilifungua mlango kwa hoteli za kigeni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka huo watalii wapatao 97,000 walifika visiwani. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 500,000. Mwaka 2024 walizidi 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wasiofika milioni mbili.

Wengi wao hupita Forodhani jioni. Jina la mahali hapo linasema mengi: forodha ni nyumba ya ushuru, na hapo ndipo bidhaa za majahazi zilipohesabiwa na kutozwa. Baada ya bandari kuhamia Malindi, pakawa bustani. Bustani hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Nyuma yake limesimama Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Mawe hayo yana orodha, wataalamu na wafadhili wake. Mapishi yaliyo mbele yake hayana.

Chukua mifano miwili. Wa kwanza ni urojo: mchuzi wa unga na bizari ya manjano, wenye ukali wa ndimu au embe mbichi, unaomiminwa juu ya viazi, bajia, kachori, mishikaki na vipande vya muhogo vilivyokaangwa, na kutiwa chatne ya nazi. Karibu kila kilichomo ndani ya bakuli kina jina la ng'ambo. Jina la bakuli zima ndilo la nyumbani. Urojo ni hali ya kitu kilicho kizito kiasi cha kutotiririka kama maji na chepesi kiasi cha kutosimama. Kivumishi cha "rojorojo" kinajulikana kwa kila mtoto. Ni jina la mpishi, la mtu anayekoroga na kutazama uzito. Kwenye ubao wa muuzaji jina hilo limefutwa na kuandikwa "Zanzibar Mix".

Wa pili ni chapati nyembamba inayotiwa nyama na yai, ikakunjwa na kukaangwa. Jina lake la Kiunguja ni mantabali, kutokana na neno la Kiarabu mutabbaq, lenye mzizi uleule uliotupatia "tabaka". Chakula hiki kinajulikana kutoka Hijazi na Yemen hadi Asia ya Kusini-Mashariki, na jina lake ni ramani ya Bahari ya Hindi. Leo kinauzwa kama "Zanzibar Pizza", na wapo wanaokitia chokoleti.

Si haki kumlaumu muuzaji. Ana sufuria moja, mkaa wa kulipia, na mgeni atakayesimama mbele yake kwa dakika tano na kutorudi tena. Anahitaji jina ambalo mgeni huyo tayari analijua. Tena lugha zote hubadili majina, na Kiswahili ni hodari wa jambo hilo. Tofauti iko kwenye mwelekeo. Mgeni wa msimu alileta "kachumbari" na lugha ikalipokea, ikalipa ngeli na kulitumia hata kwa mambo yasiyo ya chakula. "Zanzibar Mix" haikuingia kwenye lugha. Ilibandikwa juu yake. Mwenyeji hahitaji jina hilo anapoagiza, na mgeni analichukua analoliacha kama alivyolikuta kwenye kitabu chake cha mwongozo. Ajabu ni kwamba "kutalii", kitenzi kilichozaa mtalii na utalii, kina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusoma na kupekua kwa makini.

Maji, pweza na samaki wa leo

Suala la uendelevu hujadiliwa mara nyingi kwa lugha ya mazingira peke yake, na kwa hakika takwimu zake zinatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikadiria kuwa mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, katika eneo linalotegemea maji ya chini ya ardhi na kuzungukwa na chumvi. Mama wa Jambiani anayesubiri bomba litoe maji hahitaji kusomewa takwimu hiyo.

Lakini uendelevu ni suala la jikoni vilevile. Pwani hiyo wanawake wamekuwa wakienda miambani maji yanapokupwa, kwa miguu, kutafuta pweza kwa kijiti. Pweza alikuwa kitoweo cha kuaminika cha nyumba isiyo na mashua. Hoteli zilipoanza kumnunua, bei ilipanda, na kwa muuzaji hiyo ni neema. Kwa jirani yake asiyeuza ni sahani tupu. Tangu mwaka 1989 wanawake haohao walianza kulima mwani kwa ajili ya kuuza nje, na vigingi vyao vikakutana na waogeleaji ufukweni. Wakati huohuo sehemu kubwa ya mboga na matunda yanayoliwa hotelini hutoka Tanzania Bara au ng'ambo, huku mkulima wa Unguja akiambiwa kwamba mavuno yake hayalingani wala hayafiki kwa wakati.

Hasara nyingine haina bei. Mvuvi wa Nungwi au Kizimkazi hutofautisha changu, tasi, kolekole, nguru, jodari, chewa, pono na kangu, na kila jina huambatana na maarifa: huyu hukaa mwambani, huyu hupita na kaskazi, huyu achomwe, huyu apikwe mchuzi. Kwenye orodha ya vyakula ya hoteli wote hao huwa "samaki wa leo". Kijana aliyezaliwa Nungwi na kuhudumu mezani miaka kumi anaweza kujua majina ya mvinyo wa nchi tatu na asijue samaki ambao babu yake aliwaita kwa majina. Msamiati hupotea kwa kukosa pa kutumika, na sahani ni mojawapo ya mahali pake pa kutumika.

Miongo na mwiko

Haimaanishi kwamba wenyeji wamekaa kimya. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kinaaminika kuwa na umbo la msala. Mapokeo husema kwamba mtu mtakatifu, Nabii Hadhara, aliomba msala wa kusalia akaambiwa haupo, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Kisiwa hicho ni dago la wavuvi wengi wa Pemba. Katika miaka ya 1990 palipotokea mpango wa kukikodisha kwa ajili ya utalii, wavuvi walipinga, na mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ya bahari. Baadaye mafunzo ya hifadhi yalitolewa huko kwa kutumia hoja za Qur'ani juu ya amana aliyopewa binadamu, na wengi waliozipuuza kanuni za idara walizisikiliza hizo. Katika miaka ya 2010 jamii kadhaa za Pemba, Kisiwa Panza ikiwemo, zilianza kuifunga miamba kwa muda ili pweza wakue. Kiswahili kina neno la zamani kwa katazo linalolinda, nalo ni mwiko. Kwamba neno hilo lina umbo sawa na chombo cha kupikia ni sadfa ya fonolojia tu, lakini ni sadfa ya kupendeza.

Kenya imetoa mfano wa aina nyingine. Kazi iliyoanza kwa kukusanya mboga za asili, majina yake na mapishi yake kwa kuwashirikisha watoto wa shule na wazee, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa mfano bora wa kulinda urithi. Cha kuangaliwa hapo ni kwamba haikuanza na mgeni. Ilianza na mtoto asiyeijua mboga ya bibi yake.

Kusini mwa Unguja, Makunduchi, husherehekewa kila Julai Mwaka Kogwa, mwanzo wa mwaka wa jua wenye asili inayohusishwa na Nairuzi ya Waajemi. Kibanda cha makuti huchomwa moto, pande mbili hupigana kwa migomba, nyimbo huimbwa, na nyumba hupika. Sherehe hiyo sasa imo katika kalenda za makampuni ya utalii. Kalenda iliyoizaa haimo: ni ile ya kuhesabu siku za mwaka kwa makumi, yaani miongo, ambayo mkulima aliitumia kujua lini apande na nahodha kujua lini avuke. Wazee wanaoweza kuhesabu miongo hawaongezeki, na hesabu hiyo imekaa zaidi katika Kimakunduchi, lahaja ambayo haifundishwi darasani. Mwaka unaogwa, lakini wanaojua ni siku ya ngapi wamebaki wachache.

Katika sherehe hiyo yapo masharti yasiyoandikwa kwenye matangazo. Wenyeji wa Makunduchi huamini kuwa siku hiyo kila mtu inampasa awe na mgeni, na asiye na mgeni huwa na huzuni. Mgeni anayekusudiwa ni yule anayeingia ndani, akanawa mikono, akaketi mkekani na kula kilichopikwa kwa ajili yake. Anayeshuka kwenye basi, akapiga picha za moto na migomba na kupanda tena basini kabla vyungu havijaepuliwa, amefika Makunduchi, ila hakuna nyumba inayoweza kusema kuwa huyo ndiye mgeni wake.